Gari la Kumpokelea Mama

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata chai huiacha ikapoa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, jua linawaka na baridi iko pale pale, nami nimesimama kwenye uwanja wa duka la magari karibu na Upper Marlboro, hapa Marekani, nachagua gari la kumpokelea mama yangu. Nakusimulia kwa sababu Jumapili iliyopita uliniuliza baada ya ibada kama uchukue gari la daraja la chini au lile la juu, ukaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mama yako atakuja gari likishafika. Uliondoka kabla sijakujibu. Leo nakujibu, na univumilie, maana wazee hatujui njia ya mkato.

Wakati huo nilikuwa sijafika arobaini. Nilifanya kazi kwenye nyumba moja ya kutunza wazee kule Oxon Hill: kuwaogesha, kuwalisha, kuwachana nywele. Mama za watu niliwajua kwa majina na kwa magonjwa yao. Mama yangu mwenyewe nilikuwa sijamwona kwa miaka tisa, kwa mambo ya makaratasi, na mwaka ule ndipo viza yake ilipopatikana baada ya kukataliwa mara mbili. Kanisa lake huko nyumbani Kimilili, Kenya, lilikuwa limeshamwombea safari.

Unajua tunavyopokea wageni wetu hapa. Tunakwenda uwanja wa ndege wa Dulles nusu ya kanisa, na leso na maua, tunaimba pale mlangoni, kisha mgeni anapandishwa gari huku kila simu ikirekodi. Kabla hajafika kwa mwanawe, kijiji kizima kimeshaona alichopanda. Na watu wetu, Mungu atusamehe, wanajua kusoma gari. Wanaangalia magurudumu, wanaangalia herufi za nyuma, na kabla hujazima injini wameshajua umechukua daraja gani. Miezi michache nyuma, Wekesa, mwenzetu wa kwaya, alikuwa amempokea mama yake kwa gari kubwa la kifahari, jipya, ila la daraja la chini. Kwenye ile video inasikika sauti ikisema, "Hii si ni ile ya mwisho kabisa? Hata paa ya glass haina!" na watu wanacheka. Video ikafika kwetu Bungoma na kicheko chake ndani. Sauti ile, mwanangu, ilikuwa yangu.

Basi ningewezaje kwenda Dulles na gari lile lile nililolicheka?

Dukani nilikwenda na Mzee Ngonyani, Mtanzania wa Songea aliyestaafu udereva wa ubalozi, maana alijua magari kuliko sisi sote. Muuzaji akatueleza. La chini lilikuwa pale, ningeweza kuondoka nalo siku ile ile. La juu lina paa la kioo, viti vya kupoza na kukanda mgongo, na magurudumu ya kuringia, lakini mpaka liagizwe, na kungoja ni miezi kama minne. Mzee akauliza habari ya injini. Kijana yule hakuficha, akasema ni ile ile.

"Umesikia, baba?" Mzee akaniambia. "Injini moja. Chukua hili, mama aje."

"Mzee, nishaplan vizuri. Na-order ile full option, mum anakuja August. Ni miezi tu."

Akaniangalia. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hata siku ile hakuipaza. "Nimesimama uwanja wa ndege miaka ishirini na saba," akasema, "napokea wakubwa, wake zao na mama zao. Sijaona hata mama mmoja anatoka pale akaanza kutazama gari. Wanatafuta uso wa mtoto wao. Mama yako ana umri gani?"

"Seventy-four."

"Basi usimwekee miadi na kiwanda."

Nilicheka. Nikamwambia mambo ya siku hizi si kama ya enzi zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilitia saini huku natabasamu.

Kesho yake nikampigia mama, nikamwambia tusogeze safari kidogo kwa sababu kuna gari zuri namtafutia.

"Si nije tu, baba?" akasema. "Hata kwa basi si nitafika?"

"Ngoja, mama. Utaona."

"Haya. Wewe ndiye unajua mambo ya huko."

Akangoja. Watu waliomwombea safari wakawa wanakutana naye sokoni wakimwuliza, "Kumbe bado uko?" Hilo sikulijua wakati ule. Mimi nilikuwa nakimbia aibu ya dakika mbili kwenye simu za watu, kumbe nimemtwika yeye aibu ya kila siku ya soko. Mwezi wa nane ulipofika, dukani wakasema gari limechelewa, ningoje wiki sita zaidi. Nikampigia tena kumwambia maneno yale yale, na safari hii hakuuliza kitu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Jumanne moja asubuhi, namchana nywele bibi mmoja wa miaka tisini, dada yangu Nafula akapiga simu. Mama alikuwa ameanguka akitoka shambani. Ilikuwa presha. Hospitali hakufika. Nilimaliza kumchana yule bibi, sijui hata kwa nini, kisha nikakaa chini sakafuni.

Watu walijaa kwangu Riverdale Park kama ilivyo desturi yetu, na chai, chapati, sala na nyimbo. Alhamisi mchana simu yangu ikalia, nikaweka spika nikidhani ni nyumbani wananiambia siku ya mazishi. Sauti changamfu ya yule muuzaji wa magari ikajaa chumba kizima: "Congratulations, sir! Your vehicle is here!" Hakuna aliyecheka. Wekesa, yule yule, akainuka, akaichukua simu mkononi mwangu akaizima. "Pole, ndugu," akasema, akakaa kando yangu. Nilitamani angenitukana.

Nilipewa kibali cha dharura cha kusafiri, nikaenda nyumbani. Tulipokwisha kumzika mama, Nafula aliniletea pasipoti yake. Viza ilikuwa mle ndani, safi, bila mhuri hata mmoja. Nikaanza kujitetea kwamba nilitaka tu mama aje kwa heshima. Dada yangu hakunihurumia, wala sikustahili kuhurumiwa.

"Mama hakuamini hiyo story ya gari," akasema. "Nani hungoja gari miezi mitano? Alisema labda unamwonea aibu mbele ya watu wako wa huko. Ndio akaacha kuuliza, asikusumbue."

Mwanangu, nililia mbele ya watoto wa dada yangu na sikujali. Mama yangu aliondoka duniani akidhani mwanawe anamwonea haya, na mimi ndiye niliyetaka dunia nzima imwone. Ningepewa naye saa moja tu ningemwambia ukweli, kwamba niliyekuwa nikimwonea haya ni mimi mwenyewe. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka nimezeeka naye.

Gari nililichukua, maana nilikuwa nimeshatia saini. Sitakudanganya, lilikuwa gari zuri. Nililiendesha miaka sita, na lile paa la kioo nililifungua mara chache sana.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii. Sikukatazi daraja la juu. Mtu aliyetoka jasho hana kosa kupenda kizuri, na mwenye mgongo kama wangu hawezi kukitukana kiti kinachokanda. Nakukataza kumngojesha binadamu kwa ajili ya kitu. Gari likichelewa, litakuja tu. Nyumba njema si mlango, na linalowezekana leo lisingoje kesho: tiketi ikipatikana wiki hii, mlete wiki hii, umpokee hata kwa gari la kuazima. Atakayecheka, mwache acheke. Mimi nilicheka, na umeona. Na kama lipo jambo linalokuzuia, mwambie mama yako jambo lenyewe, hata likiwa la aibu, kwa sababu mzazi asipoelezwa hujieleza mwenyewe, na mara nyingi hujitia yeye makosani.

Mungu amlinde mama yako huko aliko, amvushe salama, auone uso wako macho yake yakiwa bado na nguvu. Na wewe akupe moyo mwepesi. Amina. Haya, mwanangu, kwao saa hizi hawajalala. Mpigie.