Sefu wa Munje na Majina ya Maneno

Kiingereza cha Sefu Dzombo kilikuwa cha kutokea puani, na mwenyewe alijua hivyo. Miaka na miaka alihudumu mezani katika hoteli moja ya Diani, akitaniana na Waingereza na kuwashawishi Wajerumani waagize samaki ambaye hawakuwa na hamu naye. Kisha zikaja vurugu za mwaka wa tisini na saba, wageni wakakimbia, hoteli ikafungwa. Sefu akarudi kwao Munje na viatu vyake vyeusi vya kazi na ulimi wake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Shule ya msingi ya hapo haikuwa na mwalimu wa Kiingereza. Kamati ikamwita, naye akaenda kama bwana harusi. Loo, watoto walimpenda! Muhula haujaisha, darasa la sita zima lilikuwa likimwamkia mwalimu mkuu, Bwana Randu, kwa "Enjoy your stay, sir!" Na katika chumba cha walimu Sefu hakumwachia mtu. Kila mwenzake akitamka neno, yeye humsahihisha, chai ya watu ikapoa. Ubaya wa mtu wa namna hiyo ni kwamba siku akikwama hana wa kumwuliza.

Na siku hiyo ikafika. Jumatatu Bwana Randu alimwita kando.

"Mwalimu Sefu, Alhamisi inspekta anakuja kukusikiliza. Anataka darasa la sita lifundishwe aina za maneno. Noun, verb, adjective, hayo yote. Akiridhika, kamati itakupa kazi ya kudumu. Asiporidhika, kuna mwalimu kutoka Taru ameshaomba nafasi yako."

"Hakuna matata," Sefu akajibu, kwa mazoea ya hoteli.

Matata yalikuwapo, tena tele! Majina hayo aliyasikia utotoni akayaacha hukohuko darasani. Kusema alijua, alichokuwa akikisema kinaitwaje, hakujua. Akafungua kitabu cha sarufi. Kila jina limeelezwa kwa jina jingine, na hilo jingine nalo linamtuma mbele. Akakifunga.

Jumanne aliomba ruhusa shuleni, na nyumbani hakukalika. Alitoka barazani mpaka barabarani, barabarani mpaka ufuoni, akarudi, akaketi, akainuka tena. Chakula cha mchana alikigusa tu. Aliiona ile kazi ikimponyoka mkononi, na nyingine hakuwa nayo.

Barazani kwake kila alasiri palikuwa na madrasa ya mkewe, Maimuna. Mikeka miwili, na watoto wa nusu ya kijiji, wengi wao walewale wa darasa la sita. Maimuna alikuwa mkali. Aliyechelewa hukaa mlangoni, hata akiwa Mishi, binti yake wa kumzaa. Sefu hakuwahi kusikiliza wanachosoma. Alikiita kelele za mkekani. Siku hiyo walikuwa wakiimba nahau, ile sarufi ya Kiarabu: "Ismu! Fi'ili! Harfu!"

"Hebu nyamazeni!" Sefu akafoka. "Mtu anashindwa hata kufikiri!"

Maimuna akawaruhusu watoto waende, akangoja wa mwisho atoke, ndipo akamgeukia.

"Babake Mishi, una nini? Tangu asubuhi wazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina neno."

"Mficha uchi hazai, mume wangu."

Sefu aliona haya, haya ya kweli, kwa kuwa ni yeye aliyemwambia mwanamke huyu mara ngapi sijui kwamba elimu yake haiwezi kumwagizia mtu hata chai. Akamweleza yote.

Maimuna hakucheka. Afadhali angecheka! Alikaa mkekani, akamwonyesha mahali pa kukaa.

"Lete kitabu chako. Nisomee hiyo ya kwanza, kwa Kiswahili."

"Noun. Jina la mtu, mahali au kitu."

"Ebo! Hiyo si ismu? Ya pili?"

"Verb. Neno la kutenda."

"Fi'ili. Endelea."

"Adjective. Inaeleza mtu au kitu kilivyo."

"Sifa. Sasa wewe ulipokuwa ukitufokea, ulidhani tunaimba taarabu?"

Sefu akainamisha kichwa. Maimuna akamshika mpaka adhana ya magharibi, na hakumhurumia.

"Sefu anazunguka. Sefu ni nini?"

"Ismu. Noun."

"Anazunguka?"

"Fi'ili," akasema Sefu, na uso ukamwaka. "Verb."

Alhamisi inspekta akaja, Bi Milcah, mama wa bara mwenye miwani na maneno machache. Alikaa nyuma ya darasa. Chaki ilimvunjikia Sefu mkononi. Akauliza noun ni nini, darasa likanyamaza ji. Akauliza tena. Kimya.

"Noun," akasema, "ni ismu."

Mwana we! Mikono ikainuka yote. Verb ikawa fi'ili, adjective ikawa sifa, na mifano ikamiminika kwa Kiingereza cha hotelini, delicious hapa, welcome kule, kila neno likawekwa mahali pake. Bwana Randu alisimama dirishani akitabasamu mpaka masikioni.

Bi Milcah akaja mbele. "Mwalimu, wameiva hawa. Umewafundisha tangu lini?"

Jibu lilikuwa mdomoni, jepesi kabisa. Tangu muhula uliopita. Nani angempinga? Kazi ile pale. Lakini kwenye dawati la mbele Mishi alikuwa ameinama, hataki kumtazama babake, na jambo hilo lilimchoma Sefu kuliko inspekta.

"Sikuwafundisha mimi," akasema. "Mama wa binti huyu ndiye aliyewafundisha, kwa Kiarabu, mkekani. Na mimi kanifundisha juzi."

Bwana Randu akakohoa. Bi Milcah akavua miwani.

"Juzi?"

"Juzi, mama."

"Basi siwezi kukupitisha leo. Endelea na darasa lako, nitarudi muhula ujao. Lakini kasome, mwalimu."

Alasiri hiyo watoto walikuwa wameshaanza Sefu alipofika nyumbani. Akavua vile viatu vyeusi, akasimama nje ya baraza yake mwenyewe.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam," Maimuna akaitikia, macho kitabuni. "Mwalimu wa Kiingereza ataka nini?"

"Nafasi."

Watoto wakabana vicheko. Maimuna akaitazama mikeka, akamtazama na yeye.

"Waliochelewa hukaa mlangoni," akasema.

Sefu akakaa mlangoni, akakunja miguu.