Sala ya Kwenye Meko

Wiki saba baada ya kumzika mumewe, mjane alipanda tena mlima kwenda kuiandaa nyumba ya magogo. Alibeba mashuka ya wageni kichwani na ndoo mkononi. Nyuma yake alifuata wifi yake, dada wa marehemu, ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika tangu darajani.

"Wifi, hao wageni hawana kwao?" aliuliza akihema. "Mtu ana kitanda mjini, ana umeme, halafu analipa aje kulala porini na popo?"

"Wanataka kupumzika."

"Haya. Waliopumzika wanakuja kupumzika, na sisi tuliochoka tunawatandikia."

Mjane aliendelea kupanda. Siku hizo hata kufungua mdomo ilikuwa kazi.

Nyumba ile ilikuwa na zaidi ya miaka mia. Ilijengwa na mpimaji mmoja wa misitu kwa magogo yaliyochongwa kwa shoka, na majina ya watu waliolala humo zamani bado yalionekana juu ya mlango, yamekwaruzwa kwa ncha ya kisu. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na meko kubwa ya mawe yenye dohani ndefu iliyotoboa paa. Ofisi ya misitu iliikodisha kwa watu wa mjini, na kwa miaka ishirini na mitatu mtunzaji wake alikuwa mumewe, Mungu amrehemu. Mjane alifua, akadeki, akapika, akabeba kuni. Moto aliwasha mume. Hawakuwahi kukaa kitako wakagawana kazi hivyo, zilijigawa zenyewe.

Bwana misitu alipokuja kutoa pole alisema bila kuzunguka. "Kazi hii hairithiwi, mama. Lakini wageni wamekwisha kulipia na sijapata mtu. Tuone hawa watasemaje. Wakiridhika, tutazungumza. Wakilalamika, nyumba ya getini itabidi aingie mwingine."

Nyumba ya getini ndimo alimolelea watoto wanne. Hakuwa na nyingine.

Basi walifanya kazi. Walifagia kinyesi cha popo, wakayapiga magodoro kwa fimbo, wakafuta vioo vya taa za mafuta. Nyuma ya mlango lilikuwa bado linaning'inia koti la marehemu.

"Nilitoe?" wifi aliuliza.

"Liache."

"Wageni watauliza la nani."

"Liache, wifi. Nitalitoa mwenyewe."

Ilipofika saa nane mchana, baridi ikiwa imekwisha kuingia chini ya miti, ikabaki kazi ya kuwasha moto tu. Mjane alipanga kuni kama alivyoona zikipangwa, kisha akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya meko, akafumba macho.

Hivyo ndivyo mumewe alivyofanya siku zote. Kila mara nyumba ilipokaa tupu wiki kadhaa, kabla wageni hawajafika, alipiga magoti pale, kichwa ndani, kimya. Mjane akifika na mzigo wa kuni alimwona mgongo tu, naye alisubiri nje, maana mtu aliye kwenye sala hasemeshwi. Hata kwenye mazishi aliwaeleza watu: mume wangu hakuwasha moto wa mgeni bila kumwomba Mungu kwanza. Neno hilo lilirudiwa mbele ya jeneza, na wengi waliitikia kwa vichwa.

Alimaliza sala, akawasha. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, ukageuka na kumrudia usoni. Alipanga kuni upya, akaomba tena, kwa kirefu zaidi. Moshi ukajaa hadi darini. Mara ya tatu hakuomba sana, alikuwa anakohoa.

"Wahenga walisema palipo moshi hapakosi moto," wifi alisema akiwa mlangoni, khanga puani. "Waje huku waone."

"Wifi, nitafukuzwa."

Wifi aliacha kutania. Wageni walitarajiwa saa kumi, na mashuka safi yalikuwa yananuka kama yamekaushwa juu ya tanuri la mkaa. Mjane alitafuta kitu cha kupepea moshi utoke. Kilichokuwa karibu ni koti. Alilishika kwa mara ya kwanza tangu msiba, akalitikisa kwa nguvu, na mfukoni mkaanguka kiberiti na vipande vya gazeti vilivyochanwa kwa upana sawa na kusokotwa kama utambi.

Aliviangalia chini. Kisha akarudi kwenye meko, ambako moto ulikuwa umekwisha kufa, akaingiza mkono juu, kwenye koo la dohani. Kiganja kikagusa jiwe lililotokeza kama rafu ndogo. Juu yake palikuwa na jivu laini la karatasi na njiti nyingi za kiberiti zilizoungua.

"Kumbe alikuwa anachoma magazeti," alisema taratibu. "Dohani ikikaa bila moto inajaa hewa ya baridi inayousukuma moshi chini. Alikuwa anaipasha joto kwanza."

Wifi alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na huko chini kicheko kikageuka kilio. "Kaka yangu. Na mlivyomsifu makaburini."

"Miaka ishirini na mitatu nimesimama nje na kuni kichwani."

"Si ungeuliza?"

"Nimuulize nini mtu anayesali?"

Aliweka utambi mmoja juu ya jiwe lile, akauwasha, akabaki amepiga magoti kuukinga kwa kiganja. Ulichukua muda. Ukimya ulikuwa mwingi mle ndani, magoti yalikuwa chini, na hapakuwa na cha kufanya ila kungoja. Bila kukusudia alijikuta anaomba, na sala yake iliisha yote kabla gazeti halijaisha. Hapo dohani ilivuta pumzi. Aliwasha kuni chini, na moshi ukapanda moja kwa moja.

Wageni waliofika saa kumi walikuwa mwalimu mstaafu na mkewe. "Mbona ndani pananuka moshi hivi?" mwalimu aliuliza.

Mjane alikuwa amechoka mno kutunga uongo. "Nilikosea kuwasha. Aliyekuwa anajua amefariki. Sasa nimejua."

Mwalimu aliteremsha begi begani. Mkewe alivua viatu, akasogeza kiti karibu na moto, akanyoosha miguu.

Asubuhi simu ililia mjane akiwa kwenye kisiki, pale pekee panaposhika mtandao.

"Nimeongea na wageni," bwana misitu alisema. "Wanasema mapazia yananuka moshi."

"Ni kweli."

"Wanasema pia wanataka kuongeza siku mbili. Fua hayo mapazia, mama. Mwezi ujao wanakuja wengine sita. Moto utawasha wewe?"

"Nitawasha mimi."

Alikata simu, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kisha alikumbuka kwamba tambi za gazeti zimebaki mbili tu, akashuka getini kutafuta magazeti ya zamani.