Kuku Asiyevunjwa Mfupa

Harufu ya fomalini, ile dawa kali ya kuhifadhia maiti, ikitufikia hospitalini tunapokwenda kuombea wagonjwa, wazee wenzangu wa kanisa huziba pua. Mimi hutabasamu, na leo nawaambieni sababu.

Miaka ya tisini, dada yangu Amoit alikuwa wa kwanza kutoka boma letu, Amukura, kufika chuo kikuu. Alisomea anatomia, jinsi mwili ulivyojengwa, kiungo kwa kiungo. Likizo moja alirudi na koti jeupe linalonuka dawa hiyo, nami, kwa majivuno ya mtoto wa miaka minane, nikatangaza katika shule ya Jumapili: "Dada yangu hupasua watu waliokufa, na haogopi!"

Maneno yalisafiri. Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi. Amoit aliwapikia kuku, lakini bakuli lilipowekwa, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mimi nimeshiba, mama," alisema Mama Ikapel. Ghafla wote wakawa wameshiba, na ilikuwa saa nane mchana, ibada ndefu nyuma yao. Amoit alisimama na birika la kunawishia, macho chini. Mama yangu alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Nyanya, aliyebakiwa na meno matano, akavuta bakuli. Kwetu kuku wa wageni hukatwa kwenye maungio tu. Msichana anayevunja mfupa huaibisha aliyemlea. Nyanya alikuwa akituambia, "Kisu kikilia, umepotea njia." Akageuza kipande kimoja kimoja: paja, bawa, kidari, shingo. Hakuna mfupa uliovunjika.

"Hii umefundishwa huko chuoni?"

"Hapana, Nyanya. Ni wewe, jikoni hapa. Huko nilifika nikijua njia."

Nyanya akacheka, akauma paja. Mama Ikapel akasogea. "Basi nipe hilo bawa. Huko chuoni mnaliitaje?"

Bakuli lilirudi jikoni tupu.

Leo Amoit hufundisha madaktari. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Nyanya alikuwa akimtetea. Siku hizi, nikikumbuka vidole vile vikipekua bakuli, namwona mwalimu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi wake. Mungu anisamehe: nilijisifia kisu, kumbe sifa ilikuwa kufungua alichokiunga Yeye bila kukivunja.