Vijana Ambao Hawakuwepo

Mimi ni mtu wa kujisifu, na asiyependa majigambo anaweza kuishia hapa. Wimbo ule niliutunga, nikauimba, nikaupiga na kuurekodi mwenyewe, katika chumba changu cha kulala, kwenye mtaa uitwao Tena, miaka ya themanini, nikiwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Godoro nililisimamisha dirishani kuzuia kelele za nje. Kinanda cha umeme nilikinunua kwa mwanamuziki wa hoteli aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na mashine ndogo ya ngoma, ile unayoipangia mapigo kwa vidole kisha inayarudia bila kuchoka. Rekoda yangu ya kaseti ilikuwa na njia nne: unarekodi ngoma, unarudisha mkanda nyuma, unaongeza besi juu yake, halafu kinanda, mwisho sauti. Nilikosea mara nyingi ajabu. Vidole vya mpiga taipu vina kasi lakini havina subira, na ilinichukua miezi kuvitia adabu.

Mama, niliyekuwa nikiishi naye, aliongoza kwaya kanisani. Kwao ni Kakamega, na alikulia katika imani kwamba muziki ni watu. "Kuimba peke yako ni kama kula peke yako," aliniambia. Nilirudi kwenye kinanda changu. Mama hajibiwi.

Kaseti ilipokamilika niliipeleka kwenye kiwanda cha santuri. Karani akatoa fomu.

"Bendi yenu inaitwaje?"

"Hakuna bendi. Ni mimi."

"Gitaa anapiga nani?"

"Hakuna gitaa."

"Na dramu?"

"Mimi."

Akaniangalia, akaandika kitu kirefu kuliko nilichosema. Ningekuwa na akili ningeinama nikasoma.

Santuri zilitoka mia tatu. Kwenye lebo nyekundu palikuwa na jina langu, na chini yake: na Vijana Wake.

Vijana! Nilirudi kwa yule karani masikio yakiwaka moto.

"Dada, mimi nimekusaidia," akasema bila hata kuinuka. "Rekodi ya msichana peke yake nani atanunua? Watu watauliza dramu ilipigwa na nani."

Lebo nyingine hazingechapwa, kazi ilikuwa imekwisha. Nikaleta maboksi yangu nyumbani. Mama akaisoma lebo, akafurahi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Sasa hao vijana wamekukosea nini? Si uwaache tu. Akina mama wakiniuliza kwa nini msichana wangu anajifungia chumbani na makelele, nitawaambia ana watu."

"Mama, hao watu hawako."

"Kwani nani atajua?"

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi nilitaka ijulikane vimeundwa na nani. Sikuwa na tamaa nyingine. Na wa kwanza niliyetaka ajue ni mama. Ikiwa mtu aliyenisikia nikirudia mstari mmoja wiki nzima angeukubali uongo ule, ningemwambia nani mwingine aniamini?

Kila mpiga taipu ana kichupa cha wino mweupe wa kufutia makosa. Nilinunua vichupa kadhaa, na Jumapili, tulipotoka ibadani, nikaketi sakafuni nikaanza kuwafuta vijana, pande zote mbili za kila santuri. Niliwatukana mmoja mmoja nikiwafuta, ingawa hawakuwa na majina. Mama alipita, akatikisa kichwa, akasema ninaharibu kitu kizuri. Kisha harufu ikamshinda, akaenda kukaa nje.

Nilisahau tabia ya watu wetu. Ukiwafunikia kitu, umewaita. Haukupita muda, mzee mmoja wa Murang'a niliyempelekea santuri zile dukani kwake mjini akaniita. Wateja walikuwa wakiikwaruza lebo kwa kucha na kusoma yaliyofichwa, na sasa ilisemekana kwamba nimewadhulumu vijana wangu, nimewaibia wimbo kisha nikawafuta. Maneno hayo yalikuwa yamefika hadi kanisani kwetu. Mama alikuwa ameyasikia siku nyingi na hakuniambia.

"Hao vijana waje Jumamosi tuwaone," akasema mzee. "Ama uchukue mzigo wako."

Jumamosi nilibeba kinanda. Mama akaifunga mashine ya ngoma kwa leso, akanifuata. Hakusema anakuja kufanya nini, nami niliogopa kuuliza.

Duka lilijaa hadi barabarani. Nikaipanga ngoma mbele yao, pigo moja baada ya lingine, polepole, mpaka ikaanza kutembea yenyewe. Mkono wa kushoto nikashika besi, wa kulia nikapiga kinanda, nikaimba. Niliimba vizuri, sitawadanganya. Mzee aliacha kupanga santuri zake akabaki kunitazama.

Nilipomaliza, jamaa mmoja mwenye ovaroli akasema, "Sawa, siste, tumesikia. Lakini vijana wenyewe wako wapi?"

Wachache wakacheka. Nilifungua mdomo nimjibu, lakini mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti nje ya kwaya, akanitangulia.

"Vijana gani? Mimi nalala chumba cha pili. Nimemsikia huyu akikosea na kurudia, akikosea na kurudia, mwaka mzima. Hakuna mtu mwingine aliingia kwangu. Yote ni yeye."

Kicheko kikaisha. Nikainamia kinanda kana kwamba nakikagua. Mama alikuwa amekwisha kumshika yule wa ovaroli begani na kumsogeza kando, ili walio nyuma yake wapite mbele.

"Haya, piga tena," akaniambia. "Hawa hawakuona mikono."