Jogoo wa Senje Ndani ya Kapu

Enzi zetu, mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kijiko. Ulitumwa kioski ukiwa na kikombe, mwenye duka akachota kijiko kimoja cha mafuta meupe na kukigonga kwenye ukingo wa kikombe, nawe ukabaki umesimama ukimtazama mpaka akigonge tena, maana mama alishakuonya kwamba kilichoganda kwenye kijiko ni chetu pia. Mafuta ya taa yalipimwa kwa chupa ya soda. Mkate ulikatwa nusu dukani, na hatukuwahi kujua nusu ile nyingine ilienda kwa nani. Sukari ilifungwa kwa karatasi ya daftari kuukuu. Ukishaimimina nyumbani, uliilamba karatasi huku ukisoma hesabu za mtoto usiyemjua, na mara nyingi alikuwa amekosa.

Tuliokulia Kawangware na Kibera miaka ya tisini tunayajua hayo. Sweta ya shule ilinunuliwa ya kukulia. Darasa la kwanza mikono imekunjwa mara tatu, darasa la nne inakutosha, darasa la sita ni ya mdogo wako. Dawa ya meno ikiisha ilikuwa bado haijaisha: mama aliipasua kwa wembe, akaifungua kama samaki, tukachovya miswaki humo wiki nzima. Vipande vya sabuni vilivyobaki vyembamba kama kucha vilikandwa pamoja vikawa donge moja la rangi tatu. Hata tulipocheza kalongo na kupika udongo kwenye vifuniko vya chupa, dada yangu Jesca alitupimia udongo kwa kijiko na kutukataza kuumaliza, eti kuna kesho.

Na moto pia tuligawana. Ploti yetu ilikuwa na vyumba sita, lakini kiberiti kiliwashwa mara moja tu asubuhi. Mama mmoja akishawasha jiko, wengine walikuja na mikebe kuomba kaa jekundu, na kabla chai haijachemka majiko sita yalikuwa yanawaka. Jioni, tukishamaliza kazi ya shule, mama alipuliza koroboi ikazimika, akatuambia tuendelee na hadithi zetu. "Masikio hayahitaji taa," alisema. Siku hizi mtoto wangu hulala na taa inawaka, redio inaongea na simu iko kwenye chaji, na ukimwuliza ni nani anasikiliza hiyo redio, anakutazama kama mtu aliyetoka msituni.

Lakini kwetu kubana matumizi kulikuwa na sababu yake. Baba alikuwa fundi wa mbao, akitengeneza vitanda na meza kando ya barabara. Tulikaa Kawangware, vyumba viwili, mpaka wanunuzi wa vitanda wakapungua. Tukahamia Lindi, Kibera, chumba kimoja. Vitu vyetu vilienda kwa mkokoteni, na mama alitembea nyuma ameshika kioo cha ukutani kwa mikono miwili, hakutaka mtu amsaidie. Hata huko Lindi mambo hayakunyooka. Siku moja baba aliweka kikombe chake chini na kusema kwamba shule zikifungwa, mama na sisi watoto watatu tutarudi nyumbani, Maragoli, na yeye atabaki Nairobi akae na mafundi wenzake.

Halikuwa jambo geni. Muhula ukiisha, akina mama wengi walipelekwa mashambani na watoto wao. Mwaka ule kwenye dawati langu darasa la tatu walikuwa wamekaa watoto watatu tofauti, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeniaga. Tuliwajua pia waliokwenda kwa miezi michache na mwaka wa tatu walikuwa bado huko, baba yao wanamwona Krismasi.

Mama hakubishana. Alisema tu, "Nipe mpaka shule zifungwe." Tangu siku hiyo alipigana na kila kitu kilichokula pesa. Na kilichokula kuliko vyote ni makaa.

Jirani yetu, Mama Atieno, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya ploti, ndiye aliyemfundisha kapu. Lilikuwa kapu kubwa la kawaida la sokoni. Ndani ulitandika blanketi lililochakaa, vipande vya godoro na makaratasi ya nailoni. Ulichemsha chakula jikoni nusu saa kwa moto mkali, kisha ukatia sufuria kapuni ikiwa bado inatokota, ukaifunika kwa mto na kuliacha kapu pembeni. Jiko ulilizima, na yale makaa yaliyobaki ukayaweka ya kesho. Baada ya saa chache chakula kilikuwa kimeiva chenyewe. Sharti lilikuwa moja tu, nalo Mama Atieno alilisema akinitazama mimi. "Usifungue. Chakula si mgonjwa, hakitaki kuangaliwa kila saa."

Mimi nilikuwa mtoto wa haya sana. Wageni wakija nilijificha nyuma ya pazia la kitanda, na mwalimu akiniuliza swali nililojua jibu lake, nilitazama viatu vyangu mpaka amwulize mwingine. Kwa hiyo watu walidhani mimi ni mtulivu. Hawakujua mikono yangu. Lile kapu lilinisumbua. Sikuamini kwamba kitu kinaweza kuiva bila moto, na kila siku nililizunguka kama paka.

Basi Jumamosi moja, shule zikiwa zimebaki siku mbili zifungwe, mama alitia githeri kapuni alfajiri na kwenda mferejini kuteka maji na Jesca. Nilibaki na mdogo wetu Zakayo. Nikafungua. Mvuke ulinipiga usoni, nikafunika haraka. Baada ya muda nikafungua tena, nikaonja punje moja ya mahindi. Kisha nikafungua mara ya tatu, sijui hata kwa nini.

Adhuhuri, mama akiwa ndio kwanza amerudi, mlango ulizibwa na mtu mkubwa aliyebeba jogoo kwapani. Alikuwa Senje, dada mkubwa wa baba. Kwetu shangazi huitwa senje, na neno la senje halipingwi na mtu. Baba alikuwa amemwandikia barua aje kutuchukua, na tulimtarajia Jumapili. Alikuja siku moja mapema.

Senje aliketi, akafunga jogoo kwenye mguu wa meza, akatazama jiko. Lilikuwa limezimwa, jivu jeupe. Kwetu mgeni akifika anataka kuona moto kabla hajaona chakula. Moto ndio karibu yenyewe.

"Mama Jesca," alisema polepole, "mgeni amefika, jiko ni baridi. Hawa watoto wanakula nini, hewa?"

Mama alimweleza kwamba chakula kiko tayari. Senje hakusikiliza. Alinivuta kutoka nyuma ya pazia na kuniuliza nilikula nini asubuhi. Nilikuwa nimekunywa chai na viazi vitamu viwili, na nilikuwa nimeshiba. Nilifungua mdomo nimwambie. Machozi ndiyo yalitoka.

"Mtoto aliyekula hulia akiulizwa?" Senje aliuliza, si kwangu. "Fungeni mizigo. Jumanne tunaondoka."

Mama alitabasamu, kwa sababu alijua alicho nacho. Alivuta kapu katikati ya chumba, akaondoa mto, akafunua sufuria. Mvuke haukutoka. Alipakua, na maharagwe yalilia kwenye sahani ya bati kama changarawe. Senje aliweka moja mdomoni, akalitoa, akaliweka kando ya sahani.

Mama alinitazama. Alijua papo hapo. Lakini alimgeukia Senje na kusema, "Makosa ni yangu. Nilikitoa jikoni mapema."

Hapo ndipo nilipoona kitakachotokea. Niliona dawati langu likiwa na mtoto mwingine, na baba akila peke yake kwenye chumba cha mafundi, kwa sababu ya mikono yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifungua."

Senje alinigeukia kama aliyesikia meza ikiongea. "Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kuona kama inaiva bila moto."

"Na ukaona nini?"

"Ilikuwa inaiva," nikasema. "Mpaka nilipofungua."

Senje alisogea karibu na kapu. Alikuwa mtu wa shamba, anayetembea mbali kutafuta kuni na kuzibeba kwa mgongo unaouma. Aliingiza mkono kapuni, akapapasa blanketi, akapapasa godoro. Kisha akamtazama jogoo wake chini ya meza. Jogoo wa kienyeji, miguu ya manjano, umri wake Mungu ndiye alijua. Akasema huyo jogoo akiwekwa kwenye moto wa kuni humaliza asubuhi nzima na bado anakushinda meno. Kesho Mama Jesca amtie kwenye kapu lake, wao waende kanisani. Wakirudi wamkute ameiva, yeye Senje atapanda basi peke yake. Asipoiva, hakuna maneno zaidi.

"Na huyu aliyefungua," akamalizia, akininyooshea kidole, "ndiye atakayelinda."

Baba aliporudi kutoka kazini aliambiwa, akakuna kichwa, akakubali. Hakuna aliyekataa neno la senje, hata yeye.

Jumapili mama alichemsha jogoo kwa karibu saa nzima. Alitumia makaa aliyoyaweka ya siku mbili. Akamtia kapuni, akafunika, akafunga kamba juu, ingawa sote tulijua kamba haizuii mkono. Wakaenda. Nikaketi kwenye kigoda mbele ya kapu. Kanisa letu halikuwa mbali, nilisikia nyimbo kupitia mabati. Mhubiri wetu alijulikana kwa mahubiri marefu, watoto wote tulimlalamikia. Siku ile nilimwombea nguvu.

Wenzangu walianza kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nje ya ploti, na mpira wetu wa karatasi za nailoni ukawa unagonga ukuta. Wakaja mlangoni kuniita. Nikawaambia siwezi. Wakauliza kwa nini.

"Nimeketi na kuku," nikasema.

"Kuku gani? Ako wapi?"

"Kwa kapu. Anaiva."

Walitazama jiko lisilo na moto, wakatazamana, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Jina la Mama Kuku nililibeba mpaka darasa la nane. Lakini sikunyanyuka. Nililala kifudifudi nikaweka sikio kwenye kapu. Sikusikia kitu. Nikarudi kigodani, nikaweka mikono yangu chini ya mapaja nikaikalia, na nyimbo zikaisha, zikaanza tena, zikaisha.

Waliporudi hakuna aliyevua viatu. Mama alifungua kamba. Safari hii mvuke ulipanda mpaka kwenye dari ya mabati, na harufu ikatoka mlangoni hata Mama Atieno akachungulia. Senje alishika mguu wa jogoo auinue. Mfupa ulikuja mkononi mwake, nyama ikabaki kwenye sufuria.

Tuliketi kula. Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba, na zamani mwanamke hakuthubutu hata kuionja. Mama alimwekea baba kwenye sahani, kama desturi ilivyotaka. Baba aliivuta sahani karibu. Alichukua kisu, akaikata katikati, na mbele ya dada yake akaweka nusu kwenye sahani ya mama.

Sisi watoto tuliacha kutafuna. Senje alitazama ile nusu firigisi, akamtazama ndugu yake.

"Sasa mimi nilikuja Nairobi kufanya nini?" aliuliza.

"Kuleta kuku," baba akajibu.

Senje alicheka hadi akapaliwa, mama akampigapiga mgongoni. Jumanne alipanda basi peke yake. Likizo iliisha, shule zikafunguliwa, nami nikarudi kwenye dawati langu. Baba hakulitaja tena jambo la kutupeleka nyumbani. Hatukutajirika. Tuliendelea kununua mafuta kwa kijiko, lakini jioni tulikuwa watano kwenye sahani mbili, na ukichelewa kunawa ulikuta mboga imehamia upande wa Zakayo.

Leo nina gesi. Nikigeuza kidude moto unawaka, hakuna kuomba kaa kwa jirani, na jirani mwenyewe simjui jina. Binti yangu anaagiza chipsi kwa simu na zinaletwa mlangoni, anakula nusu akitazama simu hiyo hiyo, nyingine anasema zimepoa. Namwambia enzi zetu chakula hakikuruhusiwa kupoa, anasema, "Mum, si uweke kwa microwave." Simlaumu. Hajawahi kuogopa kwamba kesho hatutakuwa nyumba moja.

Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama alirudi Maragoli miaka mingi baadaye, kwa hiari yake, anasema Nairobi inamchosha magoti. Jesca aliolewa Mombasa, Zakayo yuko Eldoret na kazi nzuri. Hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyekosa karo wala kodi. Tulipopata vya kutosha, kila mmoja akaenda na cha kwake. Jumapili baada ya kanisa nawapigia simu mmoja mmoja. Kila mmoja ananiambia amepika nini, nami namwambia nimepika nini, kisha tunaagana, kila mtu anaenda kupakua.