Moto Wangu, Viungo vya Njeri

Enzi zetu soseji haikutoka kwenye boksi. Ilitoka kwenye mikono ya watu unaowajua kwa majina. Nyinyi mliokulia Nakuru miaka ile, mkapita karibu na stesheni ya gari la moshi jioni, hamhitaji kuelezwa. Mlisimama kwa Mama Njeri na skonzi mkononi, soseji imelala katikati, kachumbari inawachuruzika hadi kwenye kiwiko. Mimi ni Wanjiku, kitinda mimba wake, yule aliyekuwa akipepea makaa kwa kipande cha katoni, macho mekundu sikuzote.

Mama alijifunza kazi hiyo jikoni mwa hoteli moja mjini, hoteli ya wageni wenye pesa. Ilipofunga milango, alirudi nyumbani bila kitu ila ujuzi. Baba akampigilia kibanda cha mbao na mabati, akakipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la jirani. Kibanda hakikuwa na kiti hata kimoja. Kulikuwa na ubao mrefu tu uliofika kifuani mwa mtu mzima, na kila mtu alikula amesimama. Madereva wa malori ya Kampala walipanga safari zao wafike moto ukiwa umetulia. Mashabiki walitoka uwanjani wakiwa wamefungwa mabao, wakaja kwetu kulia kilio chao na mdomo umejaa. Siku moja mheshimiwa fulani alimtuma dereva wake abebe soseji ampelekee garini. Mama akamjibu kwa heshima kwamba za kwake huliwa hapa hapa ubaoni. Mheshimiwa akashuka, akatupia tai begani, akala bega kwa bega na mvuta mkokoteni. Habari hiyo ilizunguka mji mzima, na tangu hapo hatukuhitaji kubandika bango.

Lakini jambo ambalo wateja hawakulijua ni namna soseji zenyewe zilivyotengenezwa. Tulikuwa watoto watatu, na Mama alitugawia kazi kama mtu anayegawa mashamba. Dada yetu mkubwa, Njeri, alipewa viungo. Kaka yetu, Mwangi, alipewa utumbo wa kondoo: kuuosha, kuupuliza ujae hewa aone kama umetoboka, kisha kuujaza nyama kwa faneli ya bati na kuufunga kwa uzi. Mimi nilipewa moto. Nilijua wakati wa kutandaza makaa, wakati wa kutupia magunzi makavu ya mahindi ili moshi upande mtamu, na wakati wa kungoja tu. Kila mmoja alifundishwa lake, na la mwenzake hakuligusa. Njeri alipokuwa akitwanga viungo, mlango wa chumba cha nyuma nyumbani kwetu ulifungwa. Harufu ya giligilani na kungumanga ilipenya chini ya mlango, nasi tulikuwa nje tukicheza kati na brikicho, wala haikutujia kuchungulia. Kuingia mle kungekuwa sawa na kuvaa nguo za Njeri.

Shuleni tulinuka moshi. Sare zetu zilinuka, vitabu vyetu vilinuka, na mwalimu wa hesabu alipokuwa akisahihisha daftari langu nilimwona akimeza mate. Watoto wa leo wangeona aibu. Sisi tulitembea vifua mbele, maana hakuna aliyekosa kututaka urafiki.

Nakumbuka Njeri na Mwangi walivyokosana siku moja kwa sababu ya redio. Hawakusemezana. Njeri alichanganya nyama yake, akaiacha mezani, akaondoka bila kumwita mwenzake. Mwangi aliosha utumbo wake, akakaa nao. Jioni ikafika, moto wangu umeiva, wateja wamejipanga, na hakuna soseji. Mama hakumchapa mtu. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake mbele ya watu wote, mikono amekunja. Wateja wakauliza kuna nini. Akawaambia tunawangoja watoto wapatane. Watu wakasimama kweli, wengine wakicheka, mzee mmoja wa reli akampigia Mwangi mbinja. Ilibidi Mwangi avuke uwanja mzima kwenda kumwita dada yake.

Usiku huo ndipo Baba alipomwuliza Mama kwa nini asitufundishe kila mtu kila kitu, ili mmoja akikasirika kazi isilale. Sitasahau jibu lake.

"Mmoja akijua yote," alisema, "atawahitaji wenzake kwa lipi?"

Mama alifariki tukiwa tumeshakuwa watu wazima, na kwa miaka tuliishi kwa jibu hilo. Kisha maisha yakatutawanya, kama yalivyowatawanya wengi wenu. Nilikuja Doha, Qatar, nikaingia jikoni mwa hoteli huku mtaa wa West Bay. Mwangi akanifuata, akapata kazi ya udereva, akapanga chumba Al Wakrah, pembeni mwa jiji, na wenzake. Njeri alibaki Nakuru na kibanda. Aliajiri vijana wa moto na wa utumbo, na wateja wa zamani walikula, wakasema ni nzuri, kisha wakaacha kipande ubaoni kabla ya kuaga.

Mimi na Mwangi tuliishi mji mmoja tukaonana kama wageni. Zamu yangu ikiisha yake inaanza. Tulipeana pole kwa simu, tukatumiana picha za watoto, basi. Njeri alipougua alinipigia kutoka hospitalini. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Hakusema habari za ugonjwa. Aliuliza kama mimi na Mwangi huwa tunaonana. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kwa nadra, kazi haziruhusu.

"Tafutaneni, Ciku," alisema, akiniita jina langu la utotoni. "Msingoje mpaka mje kunizika."

Hakusema lolote kuhusu viungo, nami sikumwuliza. Nani angemwuliza mgonjwa habari za kungumanga? Alituacha wiki hiyo. Mwangi alipata ruhusa akaenda kumzika, mimi sikuipata. Alirudi akaniambia kwamba chumba cha nyuma kina kinu na mchi tu, na kibanda kimeshachukuliwa na kijana anayeuza vifuniko vya simu. Nililia ndani ya friji kubwa ya hoteli, kati ya masanduku ya soseji zilizolingana kama kalamu, nikimlilia dada yangu na nikiililia ladha ambayo sitaionja tena. Nayasema hayo bila aibu. Kilikuwa kilio kimoja.

Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, Mwangi alinipeleka Al Wakrah. Kwenye ndoo alikuwa na utumbo wa kondoo alioununua sokoni, ameuosha mpaka unang'aa. Mimi nilikuwa na mfuko wa magunzi niliyoyakusanya jikoni kazini na kuyaanika juu ya paa. Hatukuwa tumepanga hivyo. Tulitazamana, akasema kama Waarabu wa huku, "Yalla, haya, washa moto."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijaribu kila Ijumaa. Tunanunua viungo, tunatwanga, tunabishana. Mwangi anaapa kulikuwa na tangawizi. Mimi nasema ni pilipili manga tu, na giligilani iliyokaangwa kidogo. Tukila tunafumba macho, tunamtafuta Njeri mdomoni, kisha mmoja anasema bado. Tumecheka sana huko. Tumemwongelea Mama, tumemwongelea Baba, tumeambiana mambo ambayo hatukuwahi kuambiana katika nyumba moja. Mwangi alinieleza alivyomwosha Njeri uso katika chumba cha maiti hospitalini, na nilimshika mkono akisimulia.

Vijana wa kanisani wakapata habari, wakaanza kuja. Wanapiga soseji picha mpaka inapoa, kisha wanaimwagia tomato sosi mpaka inaogelea. Mmoja wao, askari wa lango katika mnara mmoja huku West Bay, alinihurumia kwa dhati.

"Lakini anti," aliniambia, "si muulize simu tu? Hizo viungo zote ziko huko."

Sikumcheka. Kizazi chao kimelelewa kwamba kila mtu ajue kila kitu peke yake, chumbani kwake, mlango umefungwa. Wanapika peke yao, wanakula peke yao wakiitazama simu, na wakikwama hawagongi kwa jirani. Sisi tulijua kidogo kidogo. Aliyejua kupasua hakujua kushona, na kinu cha mmoja kiliazimwa na mtaa mzima, kwa hiyo ilikuwa lazima tupatane hata tulipochukiana. Hatukuwa wema kuwapita. Tulihitajiana tu, na sasa naona hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tulivyodhani.

Ijumaa iliyopita nilipunguza kungumanga, Mwangi akaacha tangawizi yake kwa shingo upande, tukatupia mbegu za bizari kidogo tulizozipata kwa muuzaji wa Kihindi. Nilitandaza makaa, nikatupia magunzi, nikangoja. Soseji ilipoiva nikaikata, nikampa Mwangi kipande, nami nikatia changu mdomoni.

Nikarudi Nakuru. Nilimwona Njeri akitoka chumba cha nyuma, unga wa viungo umemganda kwenye nyusi, Mama akipanga skonzi, mzee wa reli akipiga mbinja. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Sina shaka hata chembe.

Nilipofumbua macho, Mwangi alikuwa ananitazama. Alikuwa ameacha kutafuna, na machozi yalimfika kwenye ndevu. Mwisho alijipangusa kwa kiganja, akameza, akatazama pembeni.

"Imekaribia," akasema. "Lakini bado, Ciku."

"Bado," nikamjibu. "Ijumaa ijayo njoo na utumbo. Mimi nitaleta magunzi."