Nyama Aliyokula Aglaia Wakati wa Kwaresima

Sokoni Fălticeni, mji mdogo wa Romania, hakuna aliyewahi kumwona Aglaia Buzdugan akionja jibini lake siku ya mfungo. Analitengeneza mwenyewe, analikata, analifunga kwenye karatasi, na mteja akiuliza kama chumvi imekolea, humjibu, "Onja wewe. Ulimi wangu uko likizo." Na likizo yenyewe, kwa Mworthodoksi kama yeye, si haba: kila Jumatano na Ijumaa, Kwaresima Kuu, mfungo wa kabla ya Krismasi, na mifungo ya kiangazi. Ukijumlisha, ni karibu nusu ya mwaka bila nyama, mayai wala maziwa.

Zamani hakuwa hivyo. Miaka tisa nyuma alikuwa na kilo mia moja thelathini na nne, sukari imepanda, magoti yamegoma. Madaktari wa hospitali kule mji wa Iași wakampunguza tumbo na kuunganisha utumbo upya. Akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, anasukumwa kwenda kupasuliwa, aliweka nadhiri: Mungu akimwamsha, hatavunja mfungo hata mmoja mpaka kufa. Akaamka, na kilo sitini zikayeyuka. Mtu aliyeamka namna hiyo hachezei nadhiri.

Vidonge vya kalsiamu, alivyoambiwa ameze maisha yake yote, alivimeza vizuri miezi michache ya mwanzo, mpaka siku aliposoma kwenye kiboksi kwamba ndani mna sukari ya maziwa. Tangu hapo, mfungo ukianza vinaingia kabatini, na mfungo ukiisha vinasahaulika humo humo. Kliniki nako aliacha kwenda. Anajisikia mzima, aende kufuata nini?

Mwaka huu, wiki ya pili ya Kwaresima Kuu, alinyanyua ndoo ya jibini na kifundo cha mkono kikavunjika. Ndoo ileile ya kila siku! Zamfira, muuza asali wa meza ya jirani, akaangua kicheko. "Shoga, umekonda mpaka mifupa imekuwa ya kuku!" Alipouona uso wa mwenzake, akafunika asali yake na kumkimbiza hospitali.

Huko wakampima mifupa ya mgongo na nyonga. Daktari Irimescu, mwanamke mwenye umri wa kuwa bintiye, akamwonyesha picha mbili: mfupa mzima, na mfupa uliofikia hali ya wake. Ule wa pili ulikuwa matundu matupu.

"Mama, siku hizi unakula nini?"

"Ni Kwaresima, daktari. Maharage kidogo, viazi, kabichi."

"Na kalsiamu?"

"Si nimekwambia nafunga?"

Daktari hakumgombeza. "Wewe umefunga, mama. Mwili haukufunga. Moyo haupigi bila kalsiamu, na utumbo wako sasa unanyonya kidogo tu. Ikipungua kwenye damu, mwili unaifuata mfupani. Ukikosa protini, unaifuata kwenye misuli. Miaka tisa mwili wako unajila wenyewe ili wewe usife."

Aglaia akaweka kiganja cha mkono mzima kifuani. Moyo ulikuwa ukidunda kama kawaida yake. Miaka yote hiyo haukukosa chakula hata siku moja, naye hakujua unalishwa na nani. Alistaajabu mpaka akasahau maumivu ya mkono. Aliuonea huruma mwili wake, akauogopa pia, kama mtu aliyeishi nyumba moja na mtakatifu bila kumsalimia.

Jumamosi akaenda kuungama kwa Padri Gavril.

"Baba, nimekula nyama. Kwaresima zote, miaka tisa."

Padri akashtuka. "Wewe, Aglaia? Nyama gani?"

"Yangu mwenyewe."

Akamweleza yote. "Nikinywa maziwa, nimevunja nadhiri. Nisipokunywa, naendelea kumla mtu. Nifanye nini, Baba?"

Padri Gavril akautazama mkono wa Aglaia uliovunjika.

"Uliahidi kujizuia na nyama," akasema. "Basi hiyo yako, kuanzia leo, iache."

"Na toba yangu?"

"Maziwa, mayai, na vidonge vya daktari. Kila siku. Hata Ijumaa Kuu."

Njaa ya miaka tisa haikuwahi kumliza Aglaia. Toba hiyo ilimliza.